Ufalme wa Wanyama wa Mzee Gabrieli

Misa ya kutimiza mwaka tangu Getruda afariki ilipokwisha, ndugu walirudi nyumbani Nambambo wakala ugali na kuku. Ndipo Mzee Gabrieli, mume wa marehemu, aliposimama na kutangaza kwamba ameandika hadithi, na angependa kuwasomea.

Klementina, binti yao wa pekee, aliyekuja asubuhi ile kwa bodaboda kutoka Nachingwea mjini, aliweka sahani chini. Mama yake aliuawa na tembo akilinda ufuta shambani, na tangu siku hiyo baba hakuwahi kulitamka jambo lile. Ukimpigia simu atakueleza habari za mvua na korosho, basi. Leo atasema, Klementina akawaza.

Mzee akavaa miwani, akaanza. Binadamu walikuwa wamekwisha wote kwa ugonjwa. Wanyama wakafanya mkutano. Simba akadai kiti, fisi akapinga, mwishowe tembo akachaguliwa kuwa mfalme kwa busara zake. Sungura akapewa ukatibu. Wakagawana mito na mapori, wakaishi kwa amani. Mwisho.

Eustakio, kaka wa marehemu, akakohoa. "Nzuri, shemeji," alisema, akainuka kwenda kutazama mbuzi ambao hakuna aliyesikia wakilia. Wengine nao wakaaga mmoja mmoja.

Klementina alibaki. Mwaka mzima wa kungoja, halafu sungura katibu! Na tembo, huyo huyo, kavishwa taji.

"Baba, mama yuko wapi humo?"

"Watu wamekwisha wote, mwanangu. Nimesema pale mwanzoni."

"Nimesikia. Namuulizia mama."

Mzee akavua miwani, akaifuta kwa pindo la shati, ikawa safi, naye akazidi kuifuta. "Nilianza kwa kumweka. Anatoka na debe lake la kupiga, kwenda kuwafukuza tembo. Nikifika pale, mkono unagoma. Nikianza upya, anakufa upya. Nikaona afadhali niwaondoe watu wote kwa pamoja, kabla hajatoka nyumbani."

"Na huyo tembo kuwa mfalme?"

"Nilitaka awe na akili, nimuulize kwa nini. Nilipomkalisha kwenye kiti, swali likanishinda."

Klementina alijiandaa kukasirika, hasira isije. Akasogeza kigoda karibu.

"Hadithi yako mbaya, Baba."

"Najua. Hata mimi ilinichosha."

"Basi nisimulie ya mama. Kwa mdomo tu."

Akasimulia, kwa kurukaruka, akirudi nyuma mara kwa mara. Kanga aliyovaa. Utani wake kwamba tembo wanaogopa sauti yake kuliko debe. Makelele ya majirani, kisha kunyamaza kwao, na yeye akikimbia huku akijua. Alivyomkuta amelala kifudifudi, kiganja kimeshika shina la ufuta, na alivyoshindwa kulitoa, mpaka Eustakio alipokuja kumsaidia.

Hapo sauti ikakatika. Mzee Gabrieli, ambaye hata makaburini alisimama mkavu, alilia mabega yakitikisika. Klementina hakumwambia nyamaza. Alimshika mkono, naye akalia, na jirani aliyepita na baiskeli akabisha hodi, akawaona, akaondoka taratibu bila kungoja kuitikiwa.