Mfuko wa Madigadi ya Kushoto

Wendell Pruitt alijua kwamba binti yake amenunua gari kwa kuona picha kwenye simu ya mtu mwingine. Ilikuwa mwezi wa nne, theluji imekwisha Toledo, naye alikuwa yadi ya kaunti akiosha chumvi kwenye lori alilokuwa akisukumia theluji majira yote ya baridi. Mwenzake wa kazi akamsogezea simu.

"Huyu si Kaylin wako?"

Ndiye. Amevaa ovaroli iliyomzidi, kaegemea gari la zamani, Chevelle ya mwaka sabini iliyoliwa na kutu hadi magotini, mlango mmoja mwekundu na mwingine hauna rangi ya kueleweka. Pembeni yake, mkono juu ya boneti kama mwenye mali, alisimama Rudy Szymanski.

Rudy ndiye mume wa Marcy. Marcy naye alikuwa mke wa Wendell kwa miaka kumi na mitatu kabla hawajaachana. Mengine yote Wendell alikuwa ameshajifunza kuishi nayo: nyumba, meza ya Krismasi, hata mbwa. Lakini gari, hapana. Mtu wa magari katika familia ile alikuwa yeye. Kaylin alipokuwa na miaka tisa, nyuma ya nyumba yao kulikuwa na Chevelle kama hiyohiyo chini ya turubai, na kila theluji ilipoyeyuka Wendell alimwambia, "Mwaka huu tunalifungua, mimi na wewe." Walichowahi kufungua ni taa moja. Ndoa ikavunjika, gari likaondoka juu ya lori la mnunuzi, na mtoto akaliangalia dirishani mpaka likapotea kwenye kona.

Jioni hiyo akampigia.

"Hukuniambia."

"Nilikuwa nakuja kukuambia, baba. Hushikiki wewe."

"Unalifungulia wapi?"

"Kwa Rudy. Gereji yake ina joto."

"Nije Jumamosi?"

Kaylin alijibu kama mtu anayetafuta pa kuweka kiti cha ziada. "Njoo. Ila Rudy ana utaratibu wake, usije ukaanza."

Jumamosi akauona huo utaratibu. Rudy alikuwa amefanya kazi miaka thelathini na mmoja kwenye kiwanda cha injini, fundi wa kutengeneza vipuri vya mashine, mtu wa kupima unywele. Gereji yake ilikuwa safi kuliko jiko la Wendell. Kila kilichofunguliwa, hata skrubu ya kioo cha pembeni, kiliingia kwenye mfuko wake mdogo wa plastiki, pamoja na karatasi aliyoandika kwa mkono wake: kimetoka wapi, vilikuwa vingapi, vilikaaje. Mifuko ilining'inia ukutani kwa mistari, mbele ya gari huku, nyuma ya gari kule.

"Karibu, Wendell," Rudy alisema. "Kahawa ipo, donati zipo. Ukidondosha nati hakuna wa kwenda nyumbani mpaka ipatikane."

"Hapa gereji au chumba cha upasuaji?"

"Chumba cha upasuaji. Wewe ndiye mgonjwa."

Kaylin akacheka hadi akashika mlango. Wendell naye akacheka. Utani aliuanza yeye, ukamalizwa na mwingine.

Aliendelea kwenda. Waling'oa viti, wakatoa zulia lililooza, wakakuta sakafu ina matundu ya kupitisha ngumi. Wakashusha bampa, wakatoa dashibodi na weya zake zilizokakamaa. Siku ya kunyanyua injini, bolti moja ya nyuma ilikataa kabisa. Rudy aliipulizia dawa ya kutu, akasubiri, akapulizia tena. Wendell akachukua mtungi wa gesi, akaichoma mpaka ikaiva, akaweka spana na kuisikiliza kwa kiganja, na bolti ikatoka kama inavuliwa soksi.

"Umeona, Kaylin?" alisema. "Hiyo haiandikwi kwenye karatasi."

"Nimeona, baba," Kaylin alijibu, na siku ile Wendell alirudi kwake akiendesha dirisha wazi, ingawa kulikuwa na baridi.

Juma lililofuata Rudy alitoka kwenda kuwasha jiko la mkaa uani. Kaylin alikuwa amelala chali chini ya usukani, kichwa ndani na miguu nje, akipambana na pedali ya klachi. Akanyoosha mkono bila kutazama.

"Baba, nipe ile spana fupi."

Wendell akaiweka mkononi mwake.

"Siyo hii bwana, ile uliyoikata mwenyewe, baba, ile ya—" Akajivuta nje ili aielekeze. Alipomwona aliyesimama pale, uso ukambadilika. "Oh. Nilidhani ni Rudy."

"Rudy yuko nje."

"Sawa. Iko kwenye droo ya pili."

Akaitoa kwenye droo ya pili. Ni kweli, ilikuwa spana iliyokatwa na kunolewa na mtu mwenye mkono mzuri, na shingo yake ilizungushiwa utepe wa bluu. Wendell akampa. Mbele yake Kaylin alimwita yule mtu Rudy tangu siku ya kwanza, na Wendell alikuwa amelishika jina hilo kama risiti. Kumbe lilikuwa jina la wageni. Wenyewe wakiwa peke yao, palikuwa na baba mwingine humu.

Mchana wakafungua madigadi ya kushoto. Kwenye gari la namna ile, nyuma ya bolti za madigadi hupachikwa vibati vyembamba vilivyokatwa mfano wa kiatu cha farasi. Hapa viwili, pale vitatu, ili madigadi ikae sawasawa na mlango. Ukipoteza hesabu yake utahangaika nayo wiki nzima. Rudy alivitoa kimoja kimoja kama anatoa miiba kwenye kidole cha mtoto, akaandika karatasi, akafunga mfuko, akauweka juu ya benchi.

"Kaylin, hivi ndivyo roho ya gari," alisema.

"Ndiyo, mzee wa roho," Kaylin akamtania, na wakatoka pamoja kwenda kula soseji, bega kwa bega, wakibishana juu ya haradali.

Wendell alibaki kunawa mikono. Hakupanga. Mkono ulikwenda kwenye benchi, mfuko ukaingia kwenye mfuko wa koti, na koti likaenda kula soseji. Jioni aliutupia kwenye mfuko wa mlango wa pikapu yake, katikati ya ramani na glavu kuukuu.

Jumamosi iliyofuata alimkuta Rudy kapiga magoti, mifuko yote ameishusha ukutani na kuitandaza sakafuni.

"Umeuona mfuko wa madigadi ya kushoto?"

"Sijauona."

Rudy alitafuta saa mbili. Alifungua makopo, akafagia chini ya benchi, akamwaga pipa la taka uani na kulipekua kwa mikono mitupu. Wendell alikuwa amesimama na kikombe cha kahawa. Na ukweli ni huu: saa ya kwanza aliona raha. Ilimpendeza kumwona mtu wa karatasi hana karatasi, na Kaylin akimtazama kwa macho ya wasiwasi yaliyozoea kutazama kwa sifa.

"Niliuweka hapa," Rudy alisema. "Nina hakika." Kisha, kwa sauti ya chini, "Nadhani nina hakika."

"Hutokea, Rudy," Wendell alisema. "Ni umri huo."

Alilisema kama utani. Rudy aliketi juu ya tairi, akatazama mikono yake. "Kaka yangu Stan alianza hivihivi," akasema. "Alisahau funguo kwanza. Halafu njia ya kanisani. Halafu sisi."

Kuanzia siku hiyo Rudy hakushika kalamu. Alimpa Kaylin aandike yeye, naye akawa anauliza kitu kilekile mara mbili, si kwa kuwa amesahau, bali kwa kuogopa kwamba amesahau. Juma lililofuata hakuingia gerejini kabisa. Marcy akamtafutia miadi kwa daktari wa mambo ya kumbukumbu.

Kaylin akampigia Wendell. Sauti yake ilikuwa nzito. "Anakaa jikoni tu. Njoo wewe, baba. Tumalizie kubandua bodi, mimi na wewe."

Mimi na wewe. Miaka ishirini alikuwa akiyadai maneno hayo, na sasa yamekuja yenyewe.

Akaenda. Asubuhi nzima walifanya kazi wawili tu. Walifungua bolti za bodi juu ya fremu, yeye upande huu, Kaylin upande ule, na binti akamsimulia habari za kliniki anakofanya kazi ya kusafisha watu meno, za mteja aliyemng'ata na bado akaomba radhi kwa kuchelewa. Wendell alicheka kweli. Kwa muda wa saa moja hivi alikuwa na kila alichotaka. Kisha akainua macho, akamwona Rudy kwenye dirisha la jikoni, ng'ambo ya ua, amevaa ovaroli yake ya kazi iliyofuliwa na kupigwa pasi, kajiegemeza kwenye sinki na kuwatazama. Rudy alipogundua anaonekana, akashusha pazia taratibu.

"Bolti hizi tuzitenganishe vizuri," Kaylin alisema akiandika. "Akirudi atazikagua. Nimemwambia kwamba daktari ataona hana kitu. Nimemwambia, lakini sijui, baba. Sijui kwa kweli."

Wendell akaweka spana chini. Akatoka hadi kwenye pikapu, akarudi, akauweka mfuko juu ya benchi mbele yake.

Kaylin aliusoma mwandiko. Akausoma tena.

"Umeupata wapi?"

"Niliuchukua."

"Lini?"

"Siku ileile."

Alitegemea makelele. Hayakuja. "Alipekua taka kwa mikono," Kaylin alisema. "Ulikuwa umesimama pale."

"Ndiyo."

"Na kahawa."

"Ndiyo."

"Kamwambie mwenyewe. Mimi sikusemei."

Ua ule haukuwa na hatua zaidi ya ishirini, lakini Wendell alizihisi zote. Jikoni Marcy alikuwa anamenya viazi, na Rudy alikuwa mezani. Wendell hakukaa. Aliuweka mfuko mezani akasema alichofanya, kwa maneno machache, kwa sababu marefu hayakuwepo.

Rudy aliufungua. Akavipanga vibati juu ya kitambaa cha meza. "Viwili. Vitatu. Kimoja. Viwili." Akaitazama karatasi. "Nane. Nane, Marcy." Akaanza kucheka, kisha akavihesabu upya.

"Toka nyumbani kwangu," Marcy alisema. Kisu cha viazi kilikuwa bado mkononi.

"Ngoja kwanza," Rudy alisema. "Nataka kujua. Nilikukosea nini, Wendell?"

"Anakuita baba."

Uso wa Rudy haukuwa na hasira, na hilo lilikuwa gumu zaidi kulibeba.

"Wakati mwingine," akasema. "Akitaka kitu. Na unajua anasema nini bolti ikikwama? 'Baba yangu angeitoa hii.' Tangu yuko sekondari nalisikia hilo. Mtungi ule wa gesi niliununua kwa sababu ya maneno hayo, na kuutumia siwezi. Naogopa kuichoma nyumba."

"Sikujua."

"Hukuuliza. Haya, nenda. Marcy hatanii."

Akaondoka. Alipopita gerejini mlango ulikuwa umeshushwa.

Rudy aliifuta miadi ya daktari. Kaylin hakupokea simu majira yote ya kiangazi. Wendell alimwachia ujumbe mara nne, wa mwisho mfupi kuliko wote, kisha akaacha, akakata nyasi za kaunti kandokando ya barabara, akala peke yake, na kila lilipopita gari la zamani likinang'aa juani alilitazama nyuma hadi likatoweka. Wivu haukumwisha. Alikuwa ameudhania ni wa mtu mmoja, kumbe ulikuwa na jamaa: aliuonea wivu hata ule ukuta wa mifuko.

Mwezi wa kumi na moja Rudy akapiga simu. Bodi imerudi kutoka kwa mpaka rangi. Madigadi ni nzito, watu wawili hawatoshi, na rangi ikikwaruzwa ni kilio.

"Kaylin anajua unanipigia?"

"Yeye ndiye kaniambia nikupigie. Kusema na wewe hataki."

Jumamosi ile Wendell alifika mapema, akangoja ndani ya pikapu mpaka mlango ulipopandishwa. Gari lilikuwa bluu iliyokolea. Kaylin alimpa glavu mpya na kumwonyesha pa kushika. Rudy alisoma karatasi, akapachika vibati. Wakainua, wakashusha, wakainua tena, na mara ya tatu mwanya kati ya madigadi na mlango ukawa sawa juu mpaka chini, wa kupita kucha tu. Rudy akaupapasa kwa kidole, akafumba macho. Kaylin akamkumbatia shingoni. Wendell aliendelea kushikilia upande wake, kwa sababu bolti zilikuwa bado hazijakazwa na hakuna aliyemwambia aachie.

Walikula supu wamesimama. Saa kumi Wendell akavua glavu, akaziweka kwenye benchi, akaelekea nje. Kaylin alikuwa amesimama mlangoni.

"Mifuko," alisema.

Wendell akageuka kuitazama mifuko ya plastiki ukutani, akidhani ameangusha mmoja.

"Ya koti lako."

Rudy akajifanya anatafuta kitu chini ya benchi. Wendell akaitoa mifuko ya koti nje, mmoja baada ya mwingine, kisha ya suruali. Funguo. Peremende mbili. Bili ya kahawa. Akasimama hivyo, vitambaa vya mifuko vikining'inia, mbele ya mtoto ambaye yeye mwenyewe alimfundisha kuendesha baiskeli. Kaylin aliangalia kila kitu bila haraka.

"Jumamosi saa tatu," akasema. "Tunaanza vioo vya milango."

"Nitakuwepo."

Akampisha atoke, akaushusha mlango wa gereji, na Wendell akabaki nje kwenye baridi, akiwasikia ndani wakibishana ni mlango upi uanze.