Kifungu cha Mistari Arobaini

Alhamisi ya pili ya Februari 1998, chai ya saa nne ilipokwisha kunywewa, Mwalimu Mutheu aliifunga stensili kwenye mashine ya kurudufia, akatia wino, akaanza kuzungusha mpini. Alikuwa amechapa kwa taipureta kifungu cha Kiingereza kuhusu mzee mfuga nyuki wa nchi ya baridi, kifungu ambacho hakuna mwanafunzi wake aliyewahi kukiona, kwa kuwa mtihani wa fasihi ya Kiingereza ndivyo unavyotaka: mtahiniwa apewe maneno mageni, ayachambue papo hapo. Karatasi ya kwanza ilipotoka haikuwa na nyuki. Ilikuwa na mwanamume aliyekuwa akipiga mswaki nyuma ya nyumba yake alfajiri, taulo begani, na wanaume wanne waliokuja kupiga hodi. Mwanamume huyo alikuwa Muthoka, mumewe.

Mutheu aliisoma yote akiwa amesimama. Kiingereza kilikuwa safi. Mistari ilikuwa arobaini, imetiwa nambari pembeni kila baada ya mitano, na chini yake palikuwa na maswali manane na alama za kila swali. Alipofika mstari wa tisa, pale yule mtu anapoomba aruhusiwe kwanza kuvaa shati, alilia, kwa sababu shati lile alikuwa amelipiga pasi yeye mwenyewe kabla ya kusafiri. Kisha akapangusa uso, akazungusha mpini hadi zikatimia nakala arobaini na mbili, akazipeleka Kidato cha Nne.

Muthoka alikuwa fundi baiskeli pale Mwabungo. Agosti iliyotangulia, watu wa bara walipokuwa wakifukuzwa pwani, Mutheu alikuwa kwao Ukambani kwa likizo ya shule. Aliporudi alikuta birika juu ya jiko lililozimika, na mume hayupo. Majirani waliotoka bara walikuwa wamekwisha kufunga mizigo na kwenda zao. Yeye alibaki. Mama mkwe alimwandikia barua moja fupi: "Njoo naye. Hata akiwa ni mchanga tu wa pale alipolala, njoo nao." Mutheu hakuweza kuondoka bila mchanga huo, wala hakujua auchote wapi.

Watu wa pale hawakumchukia, na hilo ndilo lililomchosha. Walimletea samaki bila kuombwa. Dukani walimpokea kwa salamu ndefu kupita desturi, na mazungumzo aliyoyakuta hayakuendelea hadi atoke. Siri ya mtungi aijuaye kata, na hapo kata zilikuwa nyingi.

Darasani hakuna aliyeshtuka. Walizisoma karatasi, wakapiga mistari chini ya maneno magumu, wakaandika. Garama, kijana mrefu aliyekaa karibu na mlango, alimaliza mapema akalala. Alhamisi iliyofuata Mutheu alichapa habari za mpanda milima, na mashine ikatoa Muthoka. Iliyofuata tena alichapa shairi. Garama aliinua mkono.

"Mwalimu, hiki ni kile kile cha juzi."

"Ndicho."

"Basi si kigeni tena."

"Maswali ni mageni, Garama. Andika."

Ilikuwa kweli. Kila wiki mashine ilibadilisha maswali, na kifungu hakikubadilika hata nukta. Kiliishia mstari wa arobaini, pale wanaume wanne na Muthoka wanapokipita kisima cha zamani na kushika njia ya, basi, hapo karatasi ikawa imekwisha. Mutheu aliomba karatasi ndefu zaidi. Herufi zilinenepa, kifungu kikaishia pale pale. Mwalimu mkuu, Bwana Ziro, alipoelezwa habari hiyo aliuliza kama Kiingereza chake kimefikia kiwango cha mtihani wa taifa. Mutheu akamwambia kimefikia. "Basi tuendelee nacho, Mwalimu," akasema Bwana Ziro.

Sasa, Kidato cha Nne kile kilikuwa na ugonjwa wa ukarimu. Ukiwapa shairi la mistari kumi, wanalialikia ukoo mzima. Walipokuwa Kidato cha Pili walipewa shairi la nyoka, na Garama akaandika kurasa tatu juu ya mjomba wake aliyeumwa mguu kule Samburu, na dawa aliyopewa, na aliyempa. Mutheu alihangaika nao miezi kumi na minane kuwaponya. Aliandika kanuni juu ya ubao kwa chaki ya manjano, na ole wake mwenye zamu atakayeifuta: Jibu litoke ndani ya kifungu. Usilete ya nje. Aliyeleta ya nje alipata sifuri, hata kama yalikuwa ya kweli, na hasa yakiwa ya kweli. Hatimaye walipona. Mtoto umleavyo ndivyo akuavyo.

Aliyepona kuliko wote alikuwa Mwanapili. Mama yake, Bi Mwanaima, alimtuma kwa Mwalimu na mahamri kila Ijumaa, na binti aliyatoa kwa mikono miwili, macho chini. Darasani macho yale yaliinuka. Mutheu alimuuliza mbele ya wenzake.

"Msimulizi wa kifungu hiki ni nani?"

"Ni mtu wa hapa hapa, Mwalimu. Anajua kwamba mbwa wa yule bwana hubwekea wageni, na siku hiyo hakubweka. Mstari wa ishirini na saba."

"Alikuwa amesimama wapi?"

"Dirishani kwake. Mstari wa kumi na nane."

"Wale wanne?"

"Walimjua. Walimwita kwa jina, kwa adabu. Mmoja alikuwa akikokota baiskeli iliyotoka kwa yule bwana wiki ile ile. Na yeye yule bwana hakukimbia, kwa sababu aliwaona ni watu wake."

Mutheu aliigeukia nafasi iliyobaki ubaoni, akaandika kwa mkono wake swali la tisa, ambalo mashine haikuliweka. Yule mtu alipelekwa wapi? Alama mbili.

Wote arobaini na wawili waliandika jibu moja: kifungu hakisemi. Lilikuwa jibu sahihi. Mutheu alikaa na kalamu nyekundu mkononi, akatafuta kosa, hakuliona, akawapa alama mbili kila mmoja.

Mwezi wa Mei alikitia kifungu katika bahasha, pamoja na majibu ya Mwanapili, akavipeleka kituo cha polisi. Afisa aliyekuwa zamu, kijana wa bara, alisoma taratibu hadi mwisho.

"Sasa madam, hii ni karatasi ya mtihani. Mimi nitaandika nini hapa?"

"Andika kilichomo. Majibu yanawaeleza wale wanne."

"Yanaeleza vizuri kabisa. Lakini majina hakuna." Akaigeuza karatasi ya majibu. "Huyu mtoto alipata ngapi?"

"Ishirini na tisa kwa thelathini."

"Apewe zawadi," akasema afisa, akamrudishia bahasha.

Bwana Ziro naye alikuwa amekipeleka kifungu wilayani, kikapendwa mno, kikawekwa katika mtihani wa majaribio wa Julai, pamoja na swali la tisa. Mutheu aliitwa kusahihisha. Alikaa siku tano katika ukumbi pamoja na walimu wenzake, akapitia majibu ya shule moja baada ya nyingine. Watoto wa nyanda kavu, ambao hawakuwahi kumwona Muthoka maishani mwao, waliandika kwamba kifungu hakisemi. Watoto wa Kinondo na Mwabungo, ambao Muthoka aliwazibia mipira ya baiskeli, waliandika kwamba kifungu hakisemi. Usingeweza kuwatofautisha. Wastani wa wilaya ulipanda kwa alama nne, na Mutheu akapewa cheti chenye muhuri. Hakuna mtu aliyeitwa popote kuulizwa lolote.

Kipindi cha mwisho kabla ya mtihani wa taifa kilikuwa Jumatano ya katikati ya Oktoba. Mutheu aliingia bila karatasi za mashine. Alichukua dasta, akaifuta ile kanuni ya chaki ya manjano, akafuta na kivuli chake kwa kitambaa kilicholowa maji. Aliwagawia karatasi nyeupe.

"Leo kuna swali moja, lile la tisa," akasema. Sauti yake haikutulia, naye hakuificha. "Leo leteni ya nje. Sitamuuliza mtu ameyapata wapi. Nataka kwenda kwa mama mkwe, jamani, nami siwezi kwenda mikono mitupu."

Nje mtu alikuwa akifyeka nyasi.

"Yatasahihishwa, Mwalimu?" Garama akauliza.

"Yatasahihishwa."

Walishika kalamu. Wengine walizishika muda mrefu, ncha juu ya karatasi. Kengele ilipolia waliinuka safu kwa safu, wakaweka karatasi mezani, na kila mmoja, hata wavulana wakorofi, alisema, "Ahsante, Mwalimu," kabla ya kutoka. Garama alikuwa akilia waziwazi.

Mutheu alizisahihisha pale pale. Arobaini na moja zilikuwa na jina na nambari ya mtahiniwa, basi. Mwanapili peke yake ndiye aliyeandika kitu, na kwa mara ya kwanza katika miaka minne ya somo la Kiingereza alikiandika kwa Kiswahili, kwa mwandiko ule ule mzuri:

"Mwalimu, nisamehe. Baba yangu yuko hai na ninampenda. Naomba nibaki na jibu langu la kwanza."

Mutheu aliusoma ukurasa ule mara nyingi. Jibu la kwanza lilikuwa sahihi. Akachukua kalamu nyekundu, akampa alama zake mbili.