Jina Kwenye Ukurasa wa Shukrani

Nancy Kokushubila alishuka kwenye bodaboda pale Kitendaguro akiwa amelowa chapachapa, lakini tasnifu yake ilikuwa kavu ndani ya mfuko wa nailoni. Alikuwa mwalimu wa historia huko Muleba, na tasnifu hiyo ilikuwa imemchukua miaka mitatu. Mtu wa kwanza kuonyeshwa alikuwa baba yake mkubwa, Mzee Ndyamukama, aliyesoma Urusi ujanani na kufundisha mpaka alipostaafu.

Mzee alivaa miwani, akaanza kusoma huku akicheka peke yake. Tasnifu ilieleza jinsi wanahistoria wa Urusi walivyogeuka kila majira yalipogeuka. Enzi za mzee chuoni, watu waliouawa na serikali ya Stalin hawakutajwa kabisa. Utawala ulipoanguka, nyaraka zikafunguliwa na kila profesa akawa na la kusimulia. Siku hizi milango imefungwa tena, na baadhi ya maprofesa wale wale, sasa wana mvi, wanaandika kwamba yule bwana aliijenga nchi. Nancy hakuwaonea haya. Aliwaita waoga.

"Umewachapa," mzee alisema. "Umewachapa sawasawa, mwanangu."

Kisha, kama mtu yeyote angefanya, alirudi kwenye shukrani kutafuta jina lake. Alilikuta. Chini yake akakuta jingine, na kicheko kikakatika.

Nancy alikuwa amemshukuru Vera, mkutubi wa huko Urusi, binti wa marehemu Pyotr, akataja na mji na mtaa anaoishi, kwa kumpigia picha orodha za watu waliopigwa risasi enzi za Stalin. Uhayani mtu aliyekufaa humtaji nusunusu. Unamtaja yeye, baba yake na kwao, la sivyo umemdharau. Nancy aliona ndiyo heshima.

"Hii imesomwa na nani?" mzee aliuliza.

"Chuo kimeiweka mtandaoni tangu Jumatatu, Tata."

Mzee aliweka tasnifu chini taratibu. "Mimi na Pyotr tulikula buni," alisema. "Kila mmoja alitafuna punje yenye damu ya mwenzake, kama wazee wetu walivyofanya. Kwa hiyo Vera ni mtoto wangu. Na wewe umeionyesha serikali yao mlango wake."

 Nancy alichukua simu amwandikie Vera, lakini kabla hajamaliza, ujumbe uliingia kutoka namba ya Urusi asiyoijua. Aliusoma kwa sauti.

"Ni Vera, natumia simu ya jirani. Walikuja jana, wakachukua kompyuta. Nimewaambia orodha hizo nilizitunga mwenyewe kwa upuuzi wangu. Tafadhali andika hivyo hivyo, chuo kitangaze. Watarudi kesho asubuhi."

Mvua ilipiga bati.

"Lakini ni za kweli," Nancy alisema. "Nimezilinganisha jina kwa jina."

"Andika."

Aliogopa, lakini akatii. Alimwandikia msimamizi wake kwamba, baada ya kupitia upya vyanzo vyake, amebaini orodha hazina uhakika. Sentensi ilikuja yenyewe bila kutafutwa. Alikuwa ameisoma kwa maprofesa wale wale, mara nyingi, na kuidhihaki.

"'Hazina uhakika' haitoshi," mzee alisema akichungulia. "Wakiona hivyo watamuuliza tena. Sema za uongo."

"Tata, watu hawa walikufa."

"Najua walikufa. Vera yuko hai."

Alifuta, akaandika kwamba orodha zote ni za uongo na kwamba yeye, kwa uzembe, hakuzihakiki. Aliomba tasnifu iondolewe. Akatuma, kisha akaanza kulia. Woga haukupungua hata kidogo, maana hakuna aliyejua kama kesho wangemwamini Vera.

Mzee Ndyamukama alivua miwani. Naye macho yalikuwa yamelowa.

"Pyotr alinionyesha kwa siri orodha mojawapo kabla hatujala buni," alisema. "Jina la baba yake ni la arobaini na tisa. Wasiponiuliza mimi, basi kwa barua yako hakuwahi kupigwa risasi."