Diski Iliyokataa Kuitika

Haya alinieleza Umuhoza mwenyewe, juzi, tulipokuwa tunachambua maharagi kwangu hapa Katoyi, mutaa wa Goma, mvua imetufungia ndani. Alieleza polepole, ameinamia sahani, nami nikamuacha aeleze.

Bwana yake, Byiringiro, alikuwa mutu wa kukamata video za ndoa. Kazi ile ilimuficha nyuma ya kamera. Katika video zote alizoacha, alisikika katika moja tu. Siku Uwitonze alizaliwa, alimuelekezea mutoto kamera, akamuongelesha, akimuambia yeye ni nani na kwao ni wapi. Kisha ugonjwa wa figo ukamubeba, mutoto hata hajasimama. Umuhoza akabaki na studio, na mutoto, na ile video. Akajiwekea moyoni kwamba siku ya kumaliza kilio, wakati jamaa wanakusanyika kufunga matanga, Uwitonze atamusikia baba yake; na mutoto alipoanza kuongea, akamuahidi hivyo.

Sasa, sisi watu wa Goma, tangu volkano itufukuze nyumbani, kila nyumba iko na mufuko wa kukimbia nao, umetundikwa nyuma ya mulango: makaratasi, nguo za mutoto, kile ambacho mutu hawezi kuacha. Risasi zilipokaribia muji, Umuhoza alihamisha mambo yote ya bwana yake kwenye diski ndogo ya nje, akaitia mufukoni. Na kwenye ordinatere, ile kompyuta kubwa ya studio, akayafuta, ili wezi wakiibeba wasimubebe na Byiringiro. Walikimbilia kanisani, watu wanasukumana, mufuko ukaanguka, ukaokotwa, ukaanguka tena. Waliporudi, ordinatere iko pale pale, mavumbi tu juu yake. Akachomeka diski, akaona majina ya video, akashukuru Mungu, akaiacha imechomekwa hapo. Ile moja hakuifungua. Aliitunzia siku yake.

Juma la kumaliza kilio, ordinatere ikaomba kubadilishiwa sistemu. Akakubali. Ilifanya kazi yake vizuri, ikajizima ili iwake upya, na hapo ikakwama: vidoti vinazunguka, vinazunguka, kioo cheusi. Akaizima kwa nguvu, akaiwasha. Vidoti vile vile. Akailaani ile sistemu mpya na walioitengeneza, kisha akamuita Dieudonné, fundi jirani yake.

Dieudonné alipoona nyaya zilizojaa nyuma ya mashine akacheka.

"Mama Uwitonze, hii ordinatere umeifunga kamba kama mbuzi ya kupeleka soko."

"Basi ifungue, papa, itembee."

Akachomoa vyote, printa, kamera, diski, akaiwasha ikiwa tupu. Ikafunguka vizuri kabisa. Umuhoza akapiga makofi, akaenda kumuletea fundi chai. Dieudonné akaanza kurudisha kimoja kimoja, kila mara anaizima na kuiwasha, maana alitaka kujua ni nani aliyeishika muguu. Printa: ikafunguka. Kamera: ikafunguka. Diski: vidoti.

Aliichomoa, akaipa umeme peke yake kwa chaja, akaiweka karibu na sikio. Kisha akamupa Umuhoza naye asikilize. Ndani kulikuwa na kitu kinagonga, kinaacha, kinagonga.

"Sistemu haina kosa, mama," akasema. "Mashine ilikuwa inangojea hii diski iitike. Nayo haitaitika tena."

Umuhoza akamuuliza kama ndani ya ordinatere hakukubakia hata kipande. Fundi akatafuta kwa muda murefu. Yale yaliyofutwa, mambo mengine yalishakaa juu yake. Akamueleza kuna mafundi wa mbali wanaofungua diski, lakini hii ilishajikwaruza ndani, hataki kumudanganya.

"Mimi njo nilimufuta," Umuhoza akasema.

Dieudonné akaanza kukunja nyaya. Chai ikapoa.

Giza lilipoingia, Uwitonze alikataa kuvua robo yake, ile nguo mupya aliyoshonewa ya kumaliza kilio. Akauliza kama papa atasema sasa ao kesho. Umuhoza akapanda naye kitandani, akamuambia papa hatasema, mama njo atasema kwa ajili yake. Akayatoa maneno yote ya ile video, hakuacha hata moja, akijaribu kushusha sauti kama ya mwanaume. Mutoto akacheka.

"Hiyo ni wewe, mama."

"Ni mimi."

Uwitonze akalala. Umuhoza akabaki anayarudia peke yake, pole, akitafuta namna Byiringiro alivyokuwa anavuta jina la mutoto. Maneno yalikuja yote. Kila mara yalikuja kwa sauti yake mwenyewe. Akarudia tena, na tena, mpaka usingizi ukamubeba.