Mkono wa Koti Wenye Milango Miwili

Kwa miezi mitatu fundi cherehani alimsifu sungura wake kwa utulivu. Wateja walipoingia kupimwa walimkuta kajibwaga chini ya meza ya kukatia, masikio kayalaza mgongoni, wakasema, "Ametulia kweli huyu." Fundi aliitikia kwa fahari ya mzazi. Siku ya Jumatano daktari wa mifugo akampapasa tumbo mnyama huyo na kulikataa neno lenyewe.

"Hajatulia, mama. Amechoshwa. Sungura asiyekimbia, hata tumbo lake hulala. Jumapili nitapita tena. Nikimkuta hivi hivi, mpe mtu mwenye ua."

Mwenye ua alikuwa amekaa pale pale akisubiri gauni lake: wifi wa fundi, dada wa marehemu mumewe.

"Basi huyo ni wangu," wifi akasema. "Na usinililie, wifi. Utakuja kumwangalia sikukuu hadi sikukuu."

"Nilie kwa lipi? Siku nne si haba."

Fundi alichukua utepe akampima sungura kiuno: sentimita arobaini na moja. Akaiandika katika daftari la vipimo, baina ya bibi harusi na mwalimu mkuu. Kisha akaondoa bakuli la chakula. Majani aliyasokomeza ndani ya yale mabomba ya karatasi yanayozungushiwa vitambaa, akayatawanya chumba kizima. Kufikia Alhamisi mchana sungura alikwishajua kuyabingirisha. Lakini kubingirisha si kukimbia.

Akaamua kumshonea handaki. Kwa kitambaa kizito cha koti alishona mkono mrefu kuliko meza yake, akautia pete za waya usibonyee. Sungura akaja, akanusa mdomo wa handaki, akaingiza kichwa, akakitoa. Ijumaa vivyo hivyo. Jumamosi fundi aliweka giligilani upande wa pili. Sungura akazunguka kwa nje, hatua tatu za kivivu, akaila.

"Umemshonea koti," wifi akasema kutoka kitini. "Sasa anasubiri suruali yake."

Fundi hakucheka. Alilala kifudifudi, shavu kwenye saruji, akachungulia ndani ya mkono kama sungura alivyochungulia. Kulikuwa na giza, na mwisho wa giza kitundu cha mwanga kisichozidi mdomo wa kikombe. Hapo akaliona kosa. Kwa miaka ishirini na miwili ameshona mikono inayoanza mipana begani na kuishia myembamba kifundoni. Na huu nao vidole vyake viliushona hivyo bila kumuuliza. Mnyama anayewindwa haingii shimo asiloona pa kutokea. Sungura alikuwa na akili timamu.

"Kosa ni langu," akasema huku akinyanyuka.

"Mazoea yana taabu, wifi."

Akafumua. Akatia vipande viwili vya pembetatu, mdomo wa pili ukawa sawa na wa kwanza, akaurudisha sakafuni.

Sungura aliingiza kichwa. Yakafuata masikio, mgongo, mkia. Kitambaa kikatutumka, uvimbe ukasafiri toka mwanzo hadi mwisho, naye akachomoza upande wa pili. Akageuka, akarudi kwa njia ile ile. Mara ya tatu alitoka kwa kasi, akaruka juu, akajipinda hewani na kutua akitazama alikotoka. Wifi alipandisha miguu yote miwili kitini.

"Mungu wangu! Ana wazimu?"

"Ana furaha."

Jumapili daktari alipofungua mlango, kitu cha kijivu kilipita katikati ya miguu yake, kikaingia ndani ya ule mkono wa koti, kikatokea upande wa pili, kikazunguka cherehani mara mbili. Daktari aliinama kumkamata, akamkosa. Akamkosa tena. Mara ya tatu alishika hewa na ukingo wa meza.

"Daktari," wifi akauliza, "unamtafuta mgonjwa gani?"

Daktari akajiinua, akahema, akafunga mkoba wake bila kuutumia.

"Huyu haendi popote."

"Anakwenda," fundi akasema, macho yake yakifuata uvimbe uliokuwa ukikimbia tena ndani ya kitambaa. "Anakwenda sana. Ila humu humu."