Natalie Anakaribia

Ijumaa ya kufunga shule, Nerima aliketi kwenye kigoda mlangoni pa nyumba yake ya mabati huko Kamere, kitana mapajani na kopo la mafuta ya nywele kando ya mguu, akimngoja bintiye. Hiyo ndiyo ilikuwa desturi yao. Shule ikifungwa, nywele za Natalie hufumuliwa, huchanwa na kusukwa upya, naye mtoto hukaa kati ya magoti ya mamake akisimulia mambo ya muhula mzima bila kumeza mate. Wiki nzima Nerima hufunga maua ya watu shambani, mikono ikachomwa na miiba mpaka isijue tena kushika kitu laini. Saa ile ya kusuka ndiyo iliyokuwa yake.

Natalie alitokea kwenye kona ya kanisa, bahasha ya ripoti mkononi. Akaja akitembea. Chai iliyokuwa jikoni ilichemka, ikaepuliwa, ikapoa, naye bado alikuwa anatembea, mwendo uleule, na sasa alikuwa amefika kwenye mfereji wa maji wa jirani.

"We Natalie! Unatembea aje kama bibi harusi?"

"Nakuja, mum!"

Na kweli alikuwa anakuja. Mama Abby, jirani wa mlango wa pili, alitoka kuanua nguo, akatupa jicho barabarani.

"Hata wangu yuko pale kwa posho mill ya kusaga unga tangu saa tisa," alisema. "Anakuja tu." Akakunja shuka, akaingia ndani.

Nerima aliona kungoja hakutamsaidia, akainuka kumlaki mtoto. Nafasi kati yao ikapungua vizuri, ikawa mkono, ikawa kiganja, ikawa upana wa ukucha. Hapo ikakataa kupungua. Alinyoosha vidole amshike shavu, na ukucha ule wa hewa ukabaki palepale. Akarudi nyumbani kinyumenyume, Natalie akamfuata mpaka ndani, akanywa chai, akala mkate wake wote. Usiku walilala godoro moja kama kawaida, na ukucha katikati yao. Mama Abby alipojaribu kumgusa kesho yake, naye aliishia hapohapo. Watoto kwa watoto waligusana bila shida, wakapigana hata makofi, lakini mtu mzima yeyote aliyenyoosha mkono alikuta nafasi ileile.

Ripoti ilieleza yote. Masomo yalikuwa yamepangwa kutoka juu hadi chini, na mbele ya kila somo neno moja: Anakaribia. Anakaribia matarajio ya Kiswahili, ya Kiingereza, ya hesabu, hata ya dini. Chini kabisa mwalimu wa darasa alikuwa ameandika maoni yake: Mvulana mtulivu. Aongeze bidii.

Nerima alisoma tena. Kwamba mwanawe haguswi, hilo alikuwa ameshalizoea kabla chai haijaisha. Lakini mvulana! Aliigeuza karatasi atazame jina. Jina lilikuwa la Natalie.

Jumatatu aliomba ruhusa kazini, akaenda shuleni, Natalie nyuma yake. Mwalimu Kipkemei alikuwa peke yake katika chumba cha walimu, akifungasha vitabu kwenye katoni. Hakuwa mtu mbaya. Aliwavutia viti, akaulizia afya.

"Mwalimu, huyu mtoto hanifikii," Nerima alisema.

"Wazazi wengi wameleta hiyo maneno. Darasa zima wanakaribia. Isipokuwa Lewis wa chairman wa wazazi, yeye amezidisha matarajio."

"Basi yeye anafika?"

"Anapita. Jana babake alimfuata na pikipiki, akampata mbali kule Karagita."

Nerima aliwaza kidogo juu ya Lewis, akamhurumia babake, kisha akarudi kwa shida yake. "Mimi sitaki azidishe, mwalimu. Mwandikie tu amefikia. Niweze kumsuka nywele."

Kipkemei aliweka kitabu chini. "Mama, wacha nikuambie ukweli. Nikiandika amefikia, wanataka ushahidi. Kazi aliyofanya, picha, mambo mengi. Nikiandika yuko mbali na matarajio, naitwa nieleze nimemsaidia aje. Lakini nikiandika anakaribia, hakuna mtu anauliza kitu. Mzazi ametulia, ofisi imetulia."

"Kwa hivyo ulimpima, ukaona anakaribia?"

"Mama Natalie, hawa watoto ni karibu mia. Utapima nani, uwache nani?"

Nerima aliuliza kwa sauti ndogo, kama mtu anayeuliza habari ya msiba: "Hukupima hata mmoja?"

Mwalimu alisawazisha vitabu ambavyo tayari vilikuwa vimesawazika.

Nerima aliinuka kitini. Alichukua kitabu cha juu kabisa kwenye katoni, akakifungua katikati, akakiweka mezani mbele ya Natalie. Natalie akasoma. Ilikuwa habari ya nyuki na mzinga, na aliisoma bila kujikwaa, akipumua penye kituo, akipandisha sauti penye swali, mpaka malkia wa nyuki akahama na kundi lake na ukurasa ukaisha.

Kipkemei alikuwa ameinua kichwa. Uso wake ulikuwa umefunguka kwa furaha, furaha ya kweli ya mwalimu.

"Huyu anasoma vizuri sana," alisema. "Ni wa darasa la nani?"

"Lako, teacher," Natalie alijibu. "Mimi hukaa pale kwa dirisha. Hata mwaka jana ulikuwa wetu."

Lahaula! Nerima alikifunga kitabu. Asiyekujua hakuthamini, wahenga walisema, na yeye methali hiyo aliijua tangu utotoni. Lakini alikuwa akidhani inamhusu mgeni, mtu wa mbali, si mtu anayekuitia jina kwenye rejista kila asubuhi kwa miaka miwili.

Mwalimu alijikuna shingo. Alisema pole, na pole yenyewe ilikuwa ya moyoni. Ila alama zilikuwa zimeshaingizwa kwenye mtandao, na mtandao ulifungwa Ijumaa. Muhula ujao, alisema, atamwangalia yeye mwenyewe. Aliwasindikiza mpaka langoni, akanyoosha mkono ampapase Natalie kichwani. Mkono ukaishia hewani, akaurudisha mfukoni.

Likizo ikapita. Nywele za Natalie zilifumuka zenyewe, zikaota ovyo, zikashikana. Abby alijaribu kumsuka, akamwachia mafundo mawili makubwa nyuma ya sikio. Natalie alijaribu mwenyewe, akavunja kitana. Muhula wa pili ulipoanza, wazazi waliitwa mkutano, na baba yake Lewis, macho mekundu kwa kukosa usingizi, alisimama akatangaza kwamba shule imefanya vizuri sana, kwani hakuna hata mtoto mmoja aliye mbali na matarajio. Watu walipiga makofi. Watoto wao walikuwa wamesimama nyuma yao, kila mmoja kwa upana wa ukucha. Nerima naye alipiga, halafu akajichukia kwa kupiga.

Mwalimu Kipkemei hakusahau moja kwa moja. Siku moja alisimama kando ya dirisha, akamuuliza Natalie jina, akaliandika kwenye kiganja kwa kalamu ili asilipoteze. Kisha kengele ya chakula ikalia, akaenda kunawa mikono.

Muhula ukafungwa, ripoti ikaja. Nerima alikuwa kwenye kigoda chake, kitana kipya mapajani, maana tumaini ni kama deni la duka, halikuachi ulale. Natalie alitokea kwenye kona ya kanisa, akaja, akaja. Nerima hakungoja. Alimkimbilia, mikono wazi, akasimama mbele yake, na mikono ikabaki wazi.

"Nirushie hiyo bahasha," alisema.

Natalie alirusha. Bahasha ilifika bila taabu.

Anakaribia, kutoka juu hadi chini. Lakini kwenye maoni ya mwalimu palikuwa na neno jipya, na Nerima alipoliona moyo ulimruka: Msichana. Msichana mtulivu. Akasoma mbele. Nywele hazijatunzwa. Mzazi awajibike.

Alisimama pale barabarani mpaka Mama Abby akamwita mara ya pili. Alicheka kicheko kimoja kikavu, kisha machozi yakamtoka, akayaacha yatoke. Halafu wakarudi nyumbani, yeye kinyumenyume, mtoto akimfuata.

Aliketi kwenye kigoda. Natalie akaketi kati ya magoti yake, asiyaguse, akainamisha kichwa. Nerima alichukua kitana, akakipitisha juu ya nywele, kisiguse hata unywele mmoja, utosini hadi kisogoni, katika ule upana wa ukucha, tena na tena.

"Polepole, mum," Natalie alisema, vilevile kama zamani. "Unaniumiza."

"Pole," alisema Nerima. Akachota mafuta zaidi kwenye kopo, akaendelea kuchana.