Itoka Tisa Ubavuni mwa Paka

Jumanne moja saa nne asubuhi, Gathoni aliwapanga watoto watatu wa paka juu ya meza ya mashini yake ya sweta, mahali pekee ambapo mwanga wa dirisha ulifika, akaliona shamba la marehemu baba yake.

Ilikuwa Julai, ile Julai ya Nyeri ambayo ukianika soksi Jumatatu utaivaa Ijumaa na bado ina maji. Watoto walikuwa paka wa Siamu wenye vyeti vya ukoo, wakubwa wa kula na wakubwa wa kelele, na yeye alikuwa amekusudia kuwapiga picha za kutafutia wanunuzi, basi. Lakini baridi ilikuwa imewakoleza rangi mbavuni, ikachora. Wa kwanza alikuwa na barabara ya kuingilia shambani, na nyumba, na choo nyuma ya nyumba. Wa pili alikuwa na kahawa, mistari kumi na minne, na pengo pale ambapo mti mmoja ulikauka. Wa tatu alikuwa na mto, na nduma kando ya mto. Walipolala wamebanana, barabara ya huyu iliingia kwenye kahawa ya yule bila kukatika. Gathoni aliwabadilisha mahali mara mbili ili ahakikishe. Shamba lilikataa kukaa mpaka alipowarudisha kama walivyokuwa.

"Si ungesema mapema," alimwambia Madam, mama yao, aliyekuwa akila.

Kilichokosekana kilikuwa pembe ya juu, na pembe hiyo ndiyo yake. Mtoto wa nne, jike wa rangi ya majivu, alikuwa ameuzwa wiki tatu nyuma kwa mama mmoja wa Doldol.

Sasa, pembe hiyo ilikuwa na maneno. Baba yake, miaka miwili kabla hajafa, alichukua jembe akapanda itoka tisa kwa mstari, yale maua ambayo watu wa huko hupanda kuonyesha mpaka, na ambayo mtu mwenye akili zake hang'oi. Akasema huku ni kwa Gathoni. Hakuandika popote; itoka zilitosha. Mvua za Aprili mwaka huu zilipokuja, Gikonyo, kakake Gathoni, alizing'oa zote tisa, akapanda napier, majani ya ng'ombe, juu yake, akaenda kwa naibu chifu kuomba ile barua ya kutaja warithi. Alijitaja peke yake. Gathoni aliposikia alikuja juu, na naibu chifu, ambaye hakupenda kelele, akapanga kikao Alhamisi ya mwisho ya Agosti.

"Lete kitu ya kuonyesha," alimwambia kwa simu.

Gathoni hakuwa na kitu cha kuonyesha. Alikuwa na miaka arobaini na saba, nyumba ya kukodi Ruring'u, mashini ya sweta, na paka.

Siku hiyo hiyo aliwatia watatu hao kikapuni akawapeleka mjini kwa Lalita, ambaye wengi walimwita Mama Bhavin. Lalita aliuza vitambaa chini na kufuga Siamu ghorofani, na alikuwa amefanya hivyo miaka arobaini. Ndiye aliyemuuzia Gathoni yule Madam, na ndiye aliyemfundisha kwamba rangi ya paka hawa huletwa na baridi. Huzaliwa weupe kwa sababu tumboni mwa mama kuna joto. Wakitoka, baridi huwashika kwanza masikio, halafu pua, miguu na mkia, na hapo ndipo weusi huanzia. Ukimnyoa paka mahali, manyoya yakiota kwenye baridi huja meusi, yakiota kwenye joto huja meupe. Rangi ya majivu nayo hujificha ndani ya baba na ndani ya mama, hakuna anayeiona, mpaka mtoto mmoja apewe na wote wawili. Gathoni alikuwa ameyashika haya yote kichwani kama watu wengine wanavyoshika nyimbo za kanisa.

Lalita alivaa miwani, akamgeuza wa pili kwenye mwanga.

"Kahawa mzuri," alisema. "Nani alipanda?"

"Ni baba, Mama Bhavin."

"Laini yake imenyooka." Hakushangaa. Yeye mwenyewe aliwahi kupata mmoja mwenye mabomba ya maji ya mtaa mzima, na watu wa maji walimwazima wiki mbili wakamrudisha akiwa amenona. "Wa nne iko wapi?"

"Doldol."

Lalita alivua miwani. "Doldol ni joto, Gathoni. Hiyo itaisha."

Gathoni alifika Doldol kesho yake, siku ya soko la mbuzi, vumbi likiwa juu. Mnunuzi wa paka aliitwa Kagwiria. Yeye na mumewe Mbae walikuwa watu wa Meru waliofuata biashara ya mifugo huko. Mtoto wa nne alikuwa amelala juu ya mfuniko wa tangi la mabati, juani, amenyoosha miguu yote.

"Alikuja na uchafu hapa kwa mbavu," Kagwiria alisema, "lakini jua imemsafisha."

Gathoni alimbeba akapuliza manyoya. Zilibaki ncha chache tu za majivu, na chini yake kote kulikuwa kumeota weupe.

"Haikuwa uchafu, dada. Ni shamba yangu."

Kagwiria alifikiri kidogo. Kwao Meru pia kulikuwa na mashamba, na kulikuwa na makaka.

"Basi mchukue," alisema. "Lakini uniletee mwingine. Asiye na shamba."

Nyumbani alimnyoa ubavu mzima kwa makasi ya kukatia nyuzi. Tangu hapo Gathoni hakukaa chini tena. Alifuma mkono mmoja wa sweta, akainuka akamwangalia paka, akarudi, akasahau alipofika. Sweta za shule zikaenda zikiwa na mkono wa kushoto mrefu kuliko wa kulia, walimu wakapiga simu, hakushika. Alihamisha kikapu kutoka dirishani hadi barazani, kutoka barazani hadi nyuma chini ya kamba ya nguo. Alfajiri alimtia paka ndani ya koti akaenda naye Kiganjo, kwa sababu huko upepo wa mlima hauna wa kuuzuia, akamfunua ubavu tu. Tumbo aliliacha limefunikwa, maana hakuwa mkatili. Makurutu wa polisi walipita wakikimbia. Siku moja mkufunzi wao alisimama akauliza kuna nini.

"Nangojea manyoya," Gathoni alisema.

"Na hii baridi, yatakuja tu, mama," mkufunzi alisema, akakimbia kuwafuata watu wake.

Gathoni mwenyewe alishikwa na kikohozi, hakujali. Alichoogopa ni jua. Asubuhi mlima ulipoonekana wote, safi, watu wengine walifurahi na kupiga picha. Yeye alisonya akaingia ndani.

Wiki ya tatu doa moja likatokea karibu na bega. Kisha la pili, kisha mawili kwa mpigo. Jumatatu ya wiki ya kikao yalikuwa manane, na Gathoni alikaribia kurukwa na akili. Jumatano jioni la tisa likatokea pajani, dogo lakini la kweli, mahali pale pale baba yake alipochoka akaweka jembe chini. Gathoni alilia, haki ya Mungu alilia, akambusu paka puani.

Ofisini kwa naibu chifu kulikuwa na meza, viti sita, na bango la serikali lililosema binti na mwana hurithi sawa. Kalenda ya duka la mbegu ilikuwa imetundikwa juu yake, likabaki neno "sawa" peke yake. Gikonyo alikuja na koti lake la kanisani. Mzee Mwai, jirani wa marehemu, aliitwa awe shahidi.

Gathoni aliwapanga wanne mezani. Alikuwa amewashibisha ili walale, nao wakalala. Watu wakainama kutazama.

"Hii si ni dip ya ng'ombe ya zamani!" Gikonyo alisema, na alifurahi kweli. "Na hapa ndio nilianguka na baiskeli. Unakumbuka, Gathoni?"

"Nakumbuka."

Mzee Mwai alihesabu madoa kwa ncha ya fimbo bila kumgusa paka. "Ni tisa," alisema. "Nilikuwa hapo akipanda. Mimi ndio nilimshikia kamba."

Gathoni alimtazama naibu chifu kama anaandika.

"Kwa hivyo hii laini ni ya ukweli, mzee?" naibu chifu aliuliza.

"Ni ya ukweli kabisa."

"Na kwa shamba iko?"

"Kwa shamba haiko. Iko kwa paka."

Naibu chifu aliandika hivyo. Mzee Mwai aliendelea, kwa upole, maana alimjua Gathoni tangu akiwa mtoto. "Na hata hiyo, msichana hupewa mahali pa kurudi. Huyu hajarudi. Ako na town yake, ako na paka zake."

"Nirudi wapi, na aling'oa?" Sauti ya Gathoni ilipanda. "Nirudi juu ya napier?"

"Mama, tusipigiane kelele. Hapa tunasaidiana," naibu chifu alisema, akaipiga barua muhuri. Ilikuwa na jina moja.

Likabaki jambo la paka. Hilo lilijadiliwa kwa muda mrefu kuliko shamba, na kwa makini, na mwisho wote walikubaliana kwamba mwenye shamba ndiye mwenye kinachoonyesha shamba. Gikonyo alisema wale watatu hawahitaji, huko kwingine anakujua. Akamchukua wa nne, kwa sababu huyo ndiye wa kuleta maneno, akamtia ndani ya koti.

Gathoni aliwarudisha wale watatu kikapuni, mmoja mmoja, kwa hasira.

"Anakula nini?" Gikonyo alimuuliza.

"Nyama. Ichemshwe. Maziwa itamharisha."

Akampa na cheti cha ukoo, maana hakutaka paka atembee bila karatasi yake. Gikonyo alikisoma amesimama mlangoni: baba ya paka, mama yake, nyanya yake, mama ya huyo nyanya, vizazi vitano, majike kwa madume.

"Hawa wameandikwa wote," alisema, na ilionekana imempendeza.

"Wote," Gathoni alisema. "Gikonyo, usimweke karibu na moto."

"Si atalala jikoni kama paka."

Septemba Gathoni alienda mahakamani mjini kuipinga barua ile. Karani alizitazama picha kwenye simu yake, akasema ni nzuri, lakini nakala haipokewi. Alete paka mwenyewe, na laini iwe inasomeka. Madam alizaa tena, watoto weupe kama kawaida. Baridi ikawapa masikio na mikia, zaidi ya hapo hawakuwa na kitu, na mmoja alipelekwa Doldol. Gathoni alienda kwa Gikonyo Oktoba, akaenda Januari, akaenda Pasaka. Kila akienda, doa moja au mawili yalikuwa yameondoka.

Julai ilirudi na ukungu wake. Aliwakuta jikoni, Gikonyo na mkewe, wameuzunguka moto, na paka katikati yao, mnene, anakoroma. Ubavu wake ulikuwa mweupe kama maziwa. Gathoni alipiga magoti akapitisha kidole polepole kutoka bega hadi paja, doa la kwanza hadi la tisa, kwa kuwa alipajua pote.

"Ona vile amekuwa safi," Gikonyo alisema. "Na ametuzoea, hatoki hapa."

"Nipatie yeye wiki tano. Nitamrudisha. Ni baridi tu anataka."

"Ai, Gathoni. Ati umtese na baridi? Keti unywe chai."

Gathoni alimbeba paka akaenda naye mlangoni, akaufungua wote. Ukungu ukaingia. Pembe ya juu, napier ilikuwa imefika shingoni mwa mtu. Alimgeuza paka ili ubavu ule uelekee nje.

"Funga mlango," Gikonyo alisema, bila kuinua uso kwenye kikombe. "Baridi inaingia."

Hakuufunga. Alisimama pale mpaka mke wa Gikonyo akainuka, akamtoa paka mikononi mwake taratibu, akaufunga mwenyewe.